Udongo Unaofikiri

Mwezi Machi 1704, Bunge la Uingereza liliamuru vitabu viwili vya William Coward, daktari wa London, vichomwe moto hadharani na mnyongaji wa serikali. Coward hakuwa mkana Mungu. Alikuwa Mkristo aliyeamini kiyama, na aliona kwamba anaitetea Biblia dhidi ya mafundisho yaliyopenyezwa na wanafalsafa wa kipagani. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba hakuna kiumbe kiitwacho roho kinachoishi ndani ya mwili kikiwa na maisha yake peke yake. Mtu ni mwili wenye uhai. Akifa amekufa mzima, na siku ya mwisho Mungu atamfufua mzima. Maana yake ni kwamba kinachofikiri ndani yetu, kinachosali, kinachopenda na kujuta, ni mwili huu huu wa nyama na damu.

Bunge halichomi vitabu kwa sababu ya swali la darasani. Kuanzia miaka ya 1640 hadi mwishoni mwa karne ya 18, Ulaya ilihangaishwa na jambo hili: je, maada, yaani kitu chochote kinachoshika nafasi, kinachopimika na kugawanyika, inaweza kufikiri? Maaskofu, madaktari, wabunge na wanafalsafa walilumbana juu yake kwa vitabu, kwa barua, mahubiri na hata mahakamani. Ukiwasoma kwa makini unaona kwamba wengi wao hawakuwa wakijibu swali moja. Kulikuwa na swali la kuhisi: maada inaweza kuumia na kufurahi? Kulikuwa na swali la kujua: inaweza kuelewa, kukumbuka, kujitambua? Na nyuma ya hayo kulikuwa na kaburi: mtu anabaki baada ya mwili kuoza? Naamini hofu ya swali hilo la mwisho ndiyo iliyowafanya wengi wayajibu mawili ya kwanza kwa pupa, na kwamba waliotusogeza mbele ni wale wachache waliothubutu kuyatenganisha.

Karne chache kabla ya hapo swali lisingeulizwa kwa namna hiyo. Kwa wafuasi wa Aristotle, Waislamu kwa Wakristo, mwili haukuwa kitu kilichokufa. Mmea ulikuwa na nafsi yake ya kukua, mnyama nafsi ya kuhisi, binadamu nafsi ya kufikiri. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliwahi kuwaza juu ya mtu aliyeumbwa akielea hewani, haoni, hasikii, hata viungo vyake havigusani. Je, mtu huyo angejua kwamba yupo? Ibn Sina alijibu kwamba angejua, na kwa hiyo nafsi si mwili. Lakini hata yeye hakuhitaji kuugeuza mwili kuwa mashine ili afike huko.

Aliyeugeuza ni René Descartes. Katika maandishi yake ya 1637 na 1641 aliivua maada kila kitu isipokuwa urefu, upana, kina na mwendo. Rangi, harufu, joto na utamu, alisema, havimo ndani ya vitu kama tunavyodhani. Kilichomo ni vipande vinavyosukumana. Mnyama naye ni mashine, iliyoundwa kwa ustadi kuliko saa yoyote, lakini mashine tu. Sayansi ilinufaika sana na uamuzi huo, kwa sababu kitu chenye umbo na mwendo peke yake hukubali kupigiwa hesabu. Ila kwa swali letu, jibu lilikuwa limetolewa kabla ya kuulizwa. Ukishasema kwamba maada ni ukubwa na mwendo basi, fikra ambayo haina upana wala kona haitapata pa kukaa humo. Itabidi itafutiwe makao katika kitu cha aina nyingine kabisa: roho isiyo na ukubwa na isiyogawanyika. Kila aliyesema baada ya hapo kwamba maada haiwezi kufikiri alikuwa anategemea dai jingine lililotangulia, kwamba tunajua maada ni nini.

Pigo zito lilitoka kwa mwanamke wa miaka 24. Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme aliyepoteza kiti chake, alikuwa akiishi uhamishoni The Hague. Mwezi Mei 1643 alimwandikia Descartes kumwuliza jambo moja: kitu kisicho na ukubwa kinausukumaje mwili? Kusukuma kunahitaji kugusana, na kisicho na upande wowote hakina pa kugusia. Descartes alijibu kwa mfano wa uzito, ambao tunauwaza kama nguvu inayolishusha jiwe bila kulisukuma kwa uso wake. Elisabeth hakuridhika. Alimjibu mwezi Juni kwamba kwake ilikuwa rahisi zaidi kukubali kwamba roho ina maada na ukubwa kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na mwili kinaweza kuuendesha mwili. Descartes akamshauri asitumie zaidi ya saa chache kwa mwaka kufikiria mambo hayo ya metafizikia, kwani umoja wa roho na mwili hufahamika vizuri zaidi katika maisha ya kila siku. Sioni kwamba hilo lilikuwa jibu. Elisabeth hakuwa na kiti katika chuo chochote, lakini alilolisema katika barua zile mbili halijapata jibu lililowaridhisha watu wote mpaka leo.

Wengine walikuwa tayari wamekwisha toa pingamizi zao, nazo zilichapishwa pamoja na kitabu chenyewe cha 1641. Thomas Hobbes alikubali kwamba nikifikiri lazima pawepo kinachofikiri, lakini akauliza nani amethibitisha kwamba kinachofikiri si mwili. Miaka kumi baadaye, katika Leviathan, alisema wazi kwamba kuzungumzia kitu kisicho na mwili ni kusema maneno yasiyo na maana. Mwaka 1666, baada ya tauni na ule moto mkubwa wa London, kamati ya Bunge ilipewa kazi ya kuchunguza vitabu vyenye kukana Mungu, na Leviathan ikatajwa kwa jina. Margaret Cavendish, kwa upande wake, alishika njia ambayo wanaume wa zama zake hawakuitilia maanani ipasavyo: katika vitabu vya 1664 na 1666 alisema hakuna maada iliyokufa, kila sehemu yake inajiendesha na ina ujuzi wa kiwango chake. Wazo hilo lilikaa pembeni kwa miaka mia moja, kisha likarudi Paris.

Kitovu cha mjadala ni John Locke, na ajabu ni kwamba kilichowasha moto ni kifungu kimoja kilichoandikwa kwa unyenyekevu mkubwa. Locke alisomea utabibu Oxford, ambako alihudhuria mihadhara ya Thomas Willis, bingwa wa wakati huo wa muundo wa ubongo. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu ufahamu wa binadamu, kilichotoka mwishoni mwa 1689 kikiwa na tarehe ya 1690, alikuwa akieleza mipaka ya elimu yetu. Akatoa mfano. Tunayo dhana ya maada, tunayo dhana ya kufikiri, lakini huenda tusijue kamwe kama Mungu ameipa maada fulani, iliyopangwa inavyofaa, uwezo wa kufikiri, au ameiunganisha na kitu kingine kinachofikiri. Hayo mawili yote yako ndani ya uwezo wa Mwenyezi Mungu, na akili yetu haina pa kusimama ili ichague moja na kulikataa jingine kwa uhakika. Yeye binafsi aliona uwezekano mkubwa ni kwamba roho si maada. Aliongeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote: makusudi ya dini na maadili yako salama bila ya ushahidi wa kifalsafa kwamba roho haina mwili. Aliyetuumba tukiwa na fahamu hapa duniani anaweza kuturudishia fahamu hiyo katika maisha mengine. Kwa maneno hayo Locke aliliondoa kaburi katikati ya chumba ili watu wazungumze.

Hawakuzungumza kwa utulivu. Edward Stillingfleet, Askofu wa Worcester, alimshambulia kuanzia mwaka 1696, akianzia kwenye Utatu Mtakatifu na kuishia kwenye roho. Walijibizana kwa vitabu hadi askofu alipofariki mwaka 1699. Katika majibizano hayo Locke alileta hoja iliyobadilisha sura ya mchezo, nayo aliichukua kwa Isaac Newton. Tangu Descartes ilikubaliwa kwamba mwili mmoja huugusa mwingine ndipo uusukume. Newton, katika kitabu chake cha 1687, alikuwa ameonyesha kwamba dunia na mwezi vinavutana kupitia anga tupu kwa kanuni inayopigika hesabu, ingawa hakuna aliyeweza kueleza maada inavutaje kisichoguswa. Locke alikiri kwamba katika matoleo ya kwanza aliandika kwamba miili hutenda kazi kwa kusukumana tu, na kwamba Newton amemwondolea imani hiyo; toleo la mwaka 1700 likarekebishwa. Basi, alimwuliza askofu, ikiwa Mungu ameipa maada uvutano, jambo tusiloweza kulitoa katika dhana yetu ya maada, ni nani atakayemzuia asiipe fikra? Sehemu moja ya maada amekwisha ipa uhai wa mti wa pichi. Nyingine ameipa hisia na mwendo wa tembo. Mpaka hapo askofu hakulalamika. Kwa nini aone Mungu ameishiwa uwezo hatua moja mbele?

Mfano wa tembo unabana kuliko unavyoonekana. Mtu aliyeshikilia kwamba maada haiwezi hata kuhisi alikuwa na njia mbili tu. Ama aseme pamoja na Descartes kwamba mbwa anayelia akipigwa haumii, jambo ambalo mfugaji yeyote angelikataa. Ama akubali kwamba mbwa, tembo na kiroboto wana roho zisizo na mwili, na kama kutokuwa na mwili ndiko kunakoleta kutokufa, basi viroboto nao hawafi milele. Stillingfleet na wenzake hawakupata pa kutokea.

Hapa haki inanidai niseme kwamba Newton mwenyewe huenda asingeyapenda matumizi haya. Mwaka 1693 alimwandikia Richard Bentley, mhubiri aliyekuwa ametoa mahubiri maalumu ya kuonyesha kwamba maada na mwendo haviwezi kufikiri, akimwambia kwamba kudhani uvutano ni sifa ya asili ya maada, inayotenda kwa mbali bila ya kitu chochote katikati, ni upuuzi. Gottfried Leibniz naye alimshutumu Locke kwamba anamfanya Mungu atende muujiza usiokoma, maana sifa isiyotokana na asili ya kitu haiwezi kubandikwa tu. Alimjibu Locke kwa kitabu kizima, akakiacha bila kukichapisha Locke alipofariki mwaka 1704. Kilitoka mwaka 1765. Lakini hoja yake inayokumbukwa zaidi iko katika maandishi mafupi ya 1714. Chukulia kuna mashine inayofikiri na kuhisi, alisema, kisha ikuze mpaka uweze kuingia ndani yake kama mtu anavyoingia kinuni. Utatembea humo, utaona vipande vinavyosukumana, na hutaona hata kimoja kitakachokueleza hisia.

Mfano wa kinu una nguvu. Hata hivyo unathibitisha kidogo kuliko unavyodhaniwa. Unaonyesha kwamba kuona vipande si kuona fikra. Hauonyeshi kwamba fikra haimo.

Majibizano bora kabisa ya mjadala huu, kwa maoni yangu, si ya Locke na askofu. Ni ya Samuel Clarke na Anthony Collins, yaliyofanyika kati ya 1706 na 1708. Yalianzia mahali pa ajabu: mwanachuoni Henry Dodwell alikuwa ameandika mwaka 1706 kwamba roho kwa asili yake hufa, ila hupewa kutokufa kwa ubatizo. Clarke, kasisi kijana aliyebobea katika fizikia ya Newton, alimkosoa. Collins, rafiki mpenzi wa Locke katika miaka ya mwisho ya maisha yake, akaingia kati kumwuliza Clarke ana ushahidi gani.

Clarke alitoa hoja ambayo inaweza kuandikwa kwenye kiganja cha mkono. Maada imeundwa na sehemu nyingi, na kila sehemu ni kitu kinachojitegemea. Fahamu ni kitu kimoja: ninayeona na ninayesikia ni mimi yule yule, si kundi la watu. Uwezo wa kitu kilichoundwa na sehemu hauna budi kuwa jumla ya uwezo wa sehemu zake, wa aina ile ile. Ikiwa chembe moja moja hazina fahamu, kuzikusanya hakutaizaa; na zikiwa nayo, utakuwa na fahamu nyingi badala ya moja. Kwa hiyo fahamu haiwezi kuwa sifa ya mwili.

Collins hakukataa kwamba fahamu ni moja. Alikataa kanuni ya jumla. Je, hakuna uwezo unaozaliwa na mpangilio wa sehemu ambazo kila moja peke yake haina uwezo huo? Alitaja harufu ya waridi. Clarke akamjibu kwamba harufu iko kwa anayenusa. Katika ua kuna chembe zenye umbo na mwendo tu, yaani mambo ya aina ile ile iliyomo katika sehemu. Collins akataja umbo la mviringo, ambalo haliko katika kipande kimoja. Clarke akajibu kwamba mviringo ni vipande vya mviringo vilivyounganishwa, umbo kutoka maumbo. Ndipo Collins alipoleta yai. Yai limejaa ute usiohisi chochote. Likipata joto kwa siku zake, ute ule ule hugeuka kifaranga kinachopiga kelele kikibanwa. Kama hisia ilianza pale sehemu zilipopangika kwa namna fulani, bila mtu kuongeza roho kwa nje, basi kanuni ya Clarke imevunjika mbele ya macho ya kila mfuga kuku.

Clarke hakulegea, akahama uwanja. Chembe za ubongo, alisema, hubadilika daima; zile za leo si za miaka ishirini iliyopita. Kama mimi ni chembe hizo, nani anayekumbuka utoto wangu, na ni haki gani kumwadhibu mzee kwa kosa la kijana ambaye hana naye hata chembe moja ya pamoja? Collins akajibu kwamba kumbukumbu huchapwa upya kwenye chembe zinazoingia kabla ya zile za zamani kutoka, kama inavyotokea kweli tunapokumbushia jambo mara kwa mara, na tusilolikumbushia hutupotea.

Watu wa zama zao walimpa Clarke ushindi, na kundi la waandishi waliojiita Scriblerus, akiwemo Alexander Pope, lilimfanyia Collins dhihaka kwa hadithi ya mtambo wa kuchomea nyama ambao uwezo wake wa kuchoma haukai katika gurudumu wala mnyororo wowote. Dhihaka hiyo inamsaidia Collins. Mtambo kweli unachoma nyama, na kweli hakuna kipande kimoja kinachochoma. Hata hivyo siwezi kumpa Collins ushindi kamili. Alionyesha kwamba kanuni ya Clarke haijathibitishwa. Hakuonyesha fahamu inatokaje katika mpangilio. Lakini alimwuliza Clarke swali ambalo Clarke hakuwa na pa kuliweka: hiyo roho isiyogawanyika yenyewe inafikirije? Kusema haina sehemu hakuelezi lolote kuhusu namna inavyojua. Pande zote mbili zilikuwa na deni lile lile, ila upande mmoja ulizoea kulidai bila kulilipa. Mwaka 1781 Immanuel Kant alipoizungumzia hoja ya umoja wa fahamu aliiita Akile wa hoja zote za namna hiyo, yaani shujaa wao mkuu, kisha akaonyesha mahali pa kumchoma: kwamba nafsi huonekana moja katika fikra zake hakuthibitishi kwamba ni kitu kimoja kisichogawanyika.

Wakati mabishano haya yanavuka kutoka Uingereza kwenda bara, Mwafrika mmoja alikuwa anaandika tasnifu Ujerumani. Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu mwaka 1703 huko Axim, katika pwani ya Ghana ya leo. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa Uholanzi na kampuni ya biashara ya Kiholanzi, na kutoka hapo akatolewa kama zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel. Alisoma sheria Halle, ambako mwaka 1729 alitetea hoja kuhusu haki za Waafrika waliokuwa Ulaya. Kisha alikwenda Wittenberg, akasoma falsafa na utabibu, na mwaka 1734 akawasilisha tasnifu ya Kilatini kuhusu kutohisi kwa roho ya mwanadamu.

Amo hakuwa upande wa maada, na hakuwa wa Descartes. Alianza na dhana yake mwenyewe ya roho: roho haina sehemu na haipokei kitu kutoka nje, kazi yake ni kutenda. Kisha akauliza kuhisi ni nini. Kuhisi ni kupokea: joto linakugusa, mwanga unakupiga, mwiba unakuchoma. Kitakachopokea lazima kiwe na sehemu za kuguswa. Kwa hiyo roho haihisi. Maumivu si yake. Kinachohisi ni mwili wenye uhai, na uhai huo aliuhusisha, kama madaktari wa wakati wake, na mzunguko wa damu. Alimtaja Descartes kwa jina, aliyemwambia Elisabeth kwamba roho iliyounganishwa na mwili hutenda na kutendwa pamoja nao, na Amo akamjibu kwamba huwezi kusema roho haina mwili kisha ukaifanya iumie.

Hapa mgawo wa zamani unahamishwa. Descartes aliweka hisia upande wa roho na kuacha mwili mtupu. Amo alizirudisha hisia mwilini, pamoja na maumivu na raha, akaiachia roho kuelewa na kukusudia peke yake. Kwa hiyo alikuwa na majibu mawili kwa maswali mawili: maada iliyo hai inaweza kuhisi, lakini haiwezi kuelewa. Unaweza kukataa jibu lake la pili, kama mimi ninavyolitilia shaka, na bado ukakubali kwamba kutenganisha kuhisi na kuelewa ni kazi ambayo Clarke na Collins hawakuifanya. Amo alifundisha Halle na Jena, na katika miaka ya 1740 akarudi pwani alikozaliwa.

Ufaransa ililipokea suala hili kwa mlango wa Voltaire. Katika barua zake kuhusu Waingereza za 1734 alimsifu Locke, akalifanya lile la maada kufikiri kuwa ndiyo habari yenyewe. Mwezi Juni mwaka huo mahakama kuu ya Paris ikaamuru kitabu kichomwe. Kisha ukaja ushahidi kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1740, katika shamba la Sorgvliet karibu na The Hague, Abraham Trembley, mwalimu wa watoto wa tajiri mmoja, alikuta ndani ya maji ya bwawa kidudu cha kijani chenye mikono myembamba. Alikikata vipande viwili ili ajue kama ni mmea au mnyama. Vyote viwili vikaota upya, vikatembea na kula. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1744 swali lilikuwa mezani bila kuhitaji mwanafalsafa: kama mnyama ana roho isiyogawanyika, kisu kiliigawaje?

Julien Offray de La Mettrie, daktari wa jeshi, aliugua homa wakati wa kuzingirwa kwa Freiburg mwaka 1744 na akaona akili yake ikizorota pamoja na mwili. Kitabu chake cha kwanza kuhusu roho kilichomwa Paris. Cha pili, kilichomwita mtu mashine, kilitoka Leiden mwishoni mwa 1747, na hata Uholanzi yenye uhuru ikamshinda, akakimbilia Berlin kwa Mfalme Frederick wa Pili. Katika kitabu hicho cha pili alikusanya kila alichokiona kama daktari: kasumba, kahawa, njaa, usingizi, uzee, jeraha la kichwa, vyote vinabadilisha fikra. Ni kitabu chenye moto, lakini kinathibitisha kwamba fikra inautegemea mwili, si kwamba ni mwili. Zeze likivunjika muziki unakoma, na mpigaji bado anaweza kuwa mzima.

Denis Diderot alikwenda mbali zaidi mwaka 1769, katika mazungumzo ambayo hayakuchapishwa hadi 1830. Alimtaka msomaji achukue sanamu ya marumaru, aisage iwe unga, auchanganye na udongo, aache vioze kwa miaka, apande mboga humo, kisha aile mboga. Jiwe limekuwa nyama inayohisi. Na yai la Collins linarudi, likitumika kama silaha dhidi ya shule zote za teolojia. Diderot alisitasita kati ya njia mbili: ama kuhisi kumelala ndani ya maada yote, kama alivyosema Cavendish, ama kunazaliwa na mpangilio, kama alivyosema Collins. Sidhani kusitasita huko ni udhaifu. Njia hizo mbili bado ndizo zilizo wazi kwetu.

Joseph Priestley, kasisi na mwanakemia, ndiye aliyesema kwa uwazi kilichokuwa kimejificha tangu Descartes. Katika kitabu chake cha 1777 alihoji: hii maada iliyokufa, nzito, isiyopenyeka, ambayo mnasema haiwezi kufikiri, nani amewahi kuiona? Sayansi mpya inatuonyesha nguvu za kuvuta na kusukuma tu. Ondoa nguvu hizo, na hakibaki kitu. Kama maada ni nguvu, basi ile sababu ya kuizuia isifikiri imetoweka. Priestley, kama Coward, aliamini ufufuo kwa dhati. Richard Price, kasisi mwenzake, hakukubali hata kidogo, na mwaka 1778 wawili hao walichapisha ubishi wao ndani ya kitabu kimoja wakabaki marafiki.

Mwaka 1950 mwanahisabati Alan Turing, akiuliza kama mashine zinaweza kufikiri, alikutana na pingamizi la kidini kwamba Mungu amewapa roho binadamu peke yao. Alijibu kwamba hilo linaubana uwezo wa Mwenyezi: je, asingeweza kumpa roho tembo akipenda? Ni jibu la Locke kwa askofu, na mnyama ni yule yule.

Kwa wasomaji wetu mjadala huu hauna haja ya kuja kama mali ya wageni. Kwame Nkrumah, katika kitabu chake cha falsafa cha 1964, alimtaja Amo na kutumia hoja zake, na yeye mwenyewe alishikilia kwamba maada ndiyo ya kwanza na kwamba akili inaweza kuzaliwa nayo kwa mabadiliko ya aina. Tasnifu ya Amo ya 1734 ni fupi, imepangwa wazi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuimaliza kwa jioni moja. Nawaomba walimu wa falsafa wa vyuo vya Afrika Mashariki wanaofundisha Descartes waifundishe juma hilo hilo, na wanaojua Kilatini watufasirie kwa Kiswahili.